Kumwinua Maskini kwa Kazi: Mfano wa Padri Pedro na Watu wa Jalala

*Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya waamini na wageni, siku ya Yubilei ya parokia, Lokandu*



Baraza la parokia limetuagiza sisi makatekista kusema maneno machache juu ya maskini katika siku hii ya furaha. Agizo hilo linafaa, kwa maana Yubilei katika Maandiko Matakatifu haikuwa sikukuu ya ngoma na chakula tu. Ulikuwa mwaka wa kuwafungua waliofungwa, kusamehe madeni, na kumrudishia kila mtu shamba la baba zake. Taifa lililofanya yubilei bila kuwakumbuka wanyonge lilikuwa limepiga tarumbeta bure.

Historia ya parokia yetu wengine wameieleza vizuri katika kitabu hiki. Sisi tutasema juu ya watu wa namna moja tu: wale wanaoishi kwa kuokota takataka za mji. Na kwa kuwa Mkristu hawezi kumfundisha mwenzake bila kwanza kujichunguza mwenyewe, tutaanza kwa kuungama.

Zamani kidogo tulifundisha katekisimu kwa muda huko Kindu. Siku moja ya Jumamosi waliingia vijana watatu, kila mmoja na mfuko wake begani. Walikuwa wametoka kuokota chupa, bido zilizopasuka na vipande vya vyuma karibu na soko. Harufu iliingia pamoja nao, na watoto wengine wakaziba pua. Sisi tukawaambia: «Wekeni mifuko nje, mwende kuoga, halafu mrudi.» Tulidhani tumesema neno la hekima. Lakini mifuko ile ilikuwa chakula chao cha jioni. Wangeiacha nje, ingeibwa. Wakatoka nayo. Wawili walirudi baada ya majuma kadhaa. Wa tatu hatukumwona tena. Katika daftari tuliandika mbele ya jina lake: «Hakuja.» Ilitupasa kuandika: «Tulimfukuza.»

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi: Kanisa limwambie nini mtu wa jalala?

Si wavivu, wala si mbali nasi

Pengine mtu atasema: «Lokandu si mji mkubwa, hapa hakuna jalala.» Ndugu, watoto wetu hawabaki Lokandu. Wanapanda mto Lualaba hadi Kindu. Wengine wanafika Kisangani, Goma na Kinshasa. Mji haumpokei kila mgeni kwa kazi ya ofisi. Huyu anasukuma pusupusu, yule anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na asiyepata hata hiyo anaokota kilichotupwa na wenzake. Mtu wa jalala ni mtoto wa kijiji fulani, naye alibatizwa katika parokia fulani.

Wala tusiseme ni mvivu. Anaamka kabla ya kengele ya Misa. Anachambua: plastiki peke yake, chuma peke yake, chupa peke yake. Anabeba mzigo hadi kwa mnunuzi, na mnunuzi anapima kwa mizani yake mwenyewe na kutaja bei anayoitaka. Kisha chuma kinayeyushwa tena, plastiki inafanywa vyombo vipya, na mji unapata usafi ambao haukuulipia. Basi mtu huyu ana kazi tayari. Anachokosa ni bei ya haki, afya na heshima.

Na hatari yake ni kubwa. Huko Nairobi, katika nchi ya Kenya, kuna jalala la Dandora, lililofunguliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, likisaidiwa na parokia ya Mtakatifu Yohane ya Korogocho, liliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jalala hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichowekwa na waganga. Katika mtaa huo wa Korogocho aliishi zaidi ya miaka kumi Padri Alex Zanotelli, Mkomboni kutoka Italia, katika kibanda kama vibanda vya waamini wake.

Mengine ni ya kuhuzunisha zaidi. Tarehe 11 Machi 2017, mlima wa takataka wa Koshe katika mji wa Addis Ababa, Ethiopia, uliporomoka ukawafukia watu zaidi ya 100. Tarehe 10 Agosti 2024, jalala la Kiteezi huko Kampala, Uganda, nalo liliporomoka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Waliokufa walikuwa hasa wale ambao umaskini uliwafanya wakae chini ya mlima ule. Yobu alikaa kwenye majivu siku za majaribu yake, lakini aliinuka. Hao hawakupata nafasi ya kuinuka.

Padri mwashi

Basi tuwaeleze habari ya mtu mmoja aliyekaa pamoja na watu wa jalala, na wengi wakainuka. Jina lake ni Padri Pedro Opeka. Alizaliwa mwaka 1948 katika nchi ya Argentina, karibu na mji wa Buenos Aires. Wazazi wake walikuwa Waslovenia waliokimbia nchi yao baada ya vita. Baba yake alikuwa mwashi, naye Pedro alijifunza kwake tangu utoto kuchanganya udongo na saruji, kupanga matofali, na kunyosha ukuta kwa timazi.

Aliingia Shirika la Misioni, lile lililoanzishwa na Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1625. Mwaka 1970, akiwa kijana wa miaka 22, alifika kwa mara ya kwanza Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa pwani walikiita Bukini. Hakupewa altare kwanza, alipewa mwiko wa mwashi. Mwaka 1975 alipewa upadri katika nchi yake, kisha akarudi Madagaska, katika parokia ya Vangaindrano, upande wa kusini-mashariki. Huko aliingia katika mashamba ya mpunga pamoja na wakulima, akacheza mpira na vijana, akapata maradhi ya nchi kama watu wenyewe.

Mwaka 1989 wakubwa wake walimwita Antananarivo, mji mkuu, awalee vijana wa shirika lao. Hapo aliliona jalala la Andralanitra. Aliona watoto wakigombea mabaki ya chakula pamoja na mbwa na nguruwe. Jamaa nzima zilikaa humo humo, katika vibanda vya mifuko na maboksi. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi ya kuwa usiku ule hakulala. Alimwomba Mungu amsaidie kufanya neno kwa ajili ya watoto wale.

Kesho yake alirudi, akaomba ruhusa ya kuingia katika kibanda kimoja, akaketi chini pamoja na wenyewe. Hakuleta mkate. Aliwauliza kama wanawapenda watoto wao. Waliposema ndiyo, akawaambia: Basi, tufanye kazi pamoja kwa ajili yao. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika la Akamasoa, neno ambalo katika lugha ya Kimalagasi lina maana ya marafiki wema.

Mambo matatu ya Akamasoa

Tukitazama kazi ile tangu mwaka 1989 hadi leo, tunaona mambo matatu ambayo parokia yo yote inaweza kujifunza.

Jambo la kwanza ni kazi. Padri Pedro alikuwa na neno moja ambalo hakulibadilisha: kumsaidia mtu bila kumfanya awe tegemezi. Sadaka ya bure ni ya wagonjwa, wazee na watoto wadogo. Mwenye mikono yenye nguvu apewe kazi na mshahara. Watu wakaanza kupasua mawe katika machimbo, wakauza kokoto kwa wajenzi wa mji. Wengine wakafyatua matofali, wengine wakajifunza uashi na useremala. Nyumba zilijengwa na wale wale ambao wangelala ndani yake. Hapo palipokuwa na vibanda zimesimama nyumba za matofali zaidi ya 3,000, katika vijiji kadhaa. Wahenga wetu walikwisha kusema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao hawakumtukana mgeni kwa neno hilo. Walimfanya kuwa mtu wa nyumbani.

Jambo la pili ni masomo. Mtoto anayeokota plastiki mchana kutwa atamzaa mwokota plastiki. Kwa hiyo Akamasoa ilijenga masomo tangu mwanzo, na leo watoto zaidi ya 10,000 wanasoma humo. Wengine wamekuwa walimu na waganga wa jirani zao. Mzazi anayepata kazi anatakiwa kumpeleka mtoto wake darasani. Hakuna hila kubwa katika jambo hilo. Ni uvumilivu wa miaka mingi.

Jambo la tatu ni sheria. Wamalagasi wana desturi ya zamani iitwayo «dina», yaani mapatano ambayo watu wa kijiji wanayaweka wenyewe na kuyashika. Padri Pedro hakuidharau desturi hiyo wala hakuleta sheria ya kigeni. Kila jamaa inayoingia Akamasoa inakubali dina: hakuna wizi, hakuna ugomvi, hakuna ulevi unaovunja nyumba, kila mmoja afanye kazi, kila mtoto asome. Hapo, watu waliozoea kufukuzwa na kila mtu wakawa na mji wao na neno lao.

Na sala? Katika seminari ndogo tulifundishwa maneno mawili ya watawa wa Mtakatifu Benedikto, *ora et labora*, sali na fanya kazi. Kila Dominika maelfu ya watu wanakusanyika kwa Misa huko Manantenasoa, wakiimba na kucheza mbele ya Bwana. Tarehe 8 Septemba 2019, marehemu Papa Fransisko, naye Mwargentina, aliwatembelea. Baadaye alikwenda hadi machimbo ya mawe ya Mahatazana, akasali pamoja na wafanyakazi. Khalifa wa Petro alisimama mahali ambapo mama wanapasua mawe kwa nyundo. Tusisahau picha hiyo.

Wala tusidanganyane: jalala la Andralanitra halikwisha. Umaskini wa Madagaska ni mkubwa kuliko nguvu za padri mmoja, na watu wengine wangali wanaokota hapo. Lakini hakuna tena anayeweza kusema ya kuwa mtu wa jalala hawezi kujenga nyumba.

«Sisi hatuna mzungu»

Tulipoeleza habari hii katika baraza la parokia, mzee mmoja alisema: «Yule ni mzungu; ana marafiki Ulaya wanaomtumia franga. Sisi hatuna mzungu.» Neno hilo lilitunyamazisha kwa kitambo, maana lina kweli ndani yake. Ni kweli ya kuwa wafadhili wengi walisaidia Akamasoa. Lakini franga hazikupasua mawe. Mikono iliyopasua mawe ilikuwa mikono ya Wamalagasi, na mingi ilikuwa mikono ya mama.

Tena tutazame kwetu. Mwenye heri Isidori Bakanja, mlei wa Kongo, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1994, alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Imani yake aliipata kazini, kati ya watu waliobeba matofali, na kwa imani hiyo alikufa mwaka 1909. Na kuta za kanisa zetu hapa Maniema, nani alizibeba? Wazee wetu walibeba mchanga na matofali vichwani, wakipanga mstari kutoka mtoni. Baadhi ya wajukuu wao wameketi mbele yetu leo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vyote vilikuwapo.

Sadaka ya Yubilei

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, ambalo lilitugawanya katika baraza, na ambalo hatutaki kulificha mbele ya wageni. Sadaka ya Yubilei ipo. Wengine wanataka kununua mchele, chumvi, sabuni na vitambaa, na kuwagawia maskini siku ya leo, ili wote wafurahi. Wengine wanataka kununua vyombo vya kazi. Pande zote mbili zinawapenda maskini, na maneno yalikuwa makali.

Sisi tunasema hivi. Wagonjwa, wajane wazee na yatima wadogo wapate mchele na sabuni leo hii, bila masharti. Sehemu iliyobaki iwe vyombo, kwa ajili ya vijana na mama wenye nguvu wanaoishi kwa kuokota na kuchuuza. Tumefikiri vitu vinne.

Kwanza, mizani. Iwe mizani moja ya kweli, iwekwe parokiani, na kila anayeuza chuma au plastiki aje kupima bure kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Hatuwezi kumsoma Amosi kanisani na kuiacha mizani ya uongo sokoni.

Pili, pusupusu mbili, viatu vya mpira na glavu, ili mtoto asikanyage msumari wala kushika kioo kwa mkono mtupu.

Tatu, shamba la mbolea. Takataka nyingi za soko letu si plastiki: ni maganda ya ndizi na ya mihogo, majani ya kufungia, mabua ya mahindi. Vikipangwa kwa tabaka pamoja na majivu na udongo, vikinyweshwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, baada ya miezi michache vinakuwa udongo mweusi. Mama wanaolima sombe na lengalenga wataununua. Hivyo soko litakuwa safi, na mwenye kulisafisha atapata kitu mkononi.

Nne, fremu za mbao za kufyatulia matofali, na mwashi mmoja mzee wa kuwafundisha vijana.

Kazi hiyo isiwe kama salongo ya zamani, ambayo watu walikwenda kwa kuogopa adhabu. Iwe kama likelemba, ambamo kila mmoja anajua zamu yake na anamjua mwenzake. Na wenyewe waweke dina yao, kwa maneno yao.

Juu ya masashe ya plastiki, Serikali yetu ilitoa amri ya kuyakataza mwaka 2017, lakini tunayaona kila siku yakielea juu ya Lualaba. Amri bila watu ni karatasi. Katika barua yake *Laudato si'* ya mwaka 2015, Papa Fransisko alitufundisha ya kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Atakayeyaokota masashe yale tusimcheke.

Mwisho

Wapenzi ndugu, Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano, hakuwaacha waondoke hivi hivi. Aliwaagiza mitume wakusanye vipande vilivyobaki, ili kisipotee cho chote, na vikajaa vikapu kumi na viwili. Wakati ule mitume wenyewe ndio walioinama chini kuokota mabaki, kwa agizo la Bwana. Sisi tumesoma Injili hiyo miaka mingi, tumeifundisha watoto, na bado tulimwambia kijana mwenye mfuko atoke nje.

Kwa hiyo, pamoja na vyombo vile vinne, tunaomba kitu cha tano ambacho hakinunuliwi kwa franga: nafasi katika benchi. Katika mashirika yetu hai ya Wakristu, katika darasa la katekisimu, katika Misa ya Dominika, mwenye mfuko aingie na mfuko wake, uwekwe kando ya ukuta ambapo atauona, na mtu asizibe pua. Sisi makatekista tumekwisha kupatana juu ya jambo hilo. Tunawaomba mapadri wetu watukumbushe tukisahau.

Na ninyi wageni mtakaorudi Kindu na miji mingine, mkikutana na kijana aokotaye chupa, ambaye siku moja aliambiwa na katekista aende kuoga, mwambieni ya kuwa jina lake lingali katika daftari letu, nasi tumefuta neno tuliloandika mbele yake.

Mungu aibariki parokia yetu, aibariki Maniema, na aibariki kazi ya mikono yetu. Bikira Maria, mke wa fundi seremala, atuombee.